Wimbo wa Wakesho katika Ukumbi wa Mutindi

Philemon Mghanga alizaliwa Wusi, kijiji cha milimani juu ya Voi, mwaka wa 1934, mtoto wa mwinjilisti, na kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa kirani wa mizani katika shamba moja la mkonge nje ya mji wa Voi. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mizani tangu saa kumi na mbili asubuhi, kuusoma uzito wa kila mzigo, na kuutaja kwa sauti ambayo mkataji na msimamizi wangeweza kuisikia wote wawili. Hakuwahi kutaja uzito ambao mizani haikuuonyesha. Mkataji mmoja aliwahi kumpiga ngumi ya mdomo kwa sababu hiyo, na jino likatoka. Philemon aliliokota jino, akalitia mfukoni, akautaja tena uzito uleule.

Kutunga nyimbo alijifunza kwa baba yake, ambaye alimfundisha kuandika sauti kwa alama za do, re, mi kabla hajajua kuandika jina lake. Alitungia kwaya kwa miaka mingi, na watu wa milimani wakamwita Mwalimu. Kisha mwaka wa 1971 mama mmoja wa Kikamba aitwaye Mutindi alifungua ukumbi karibu na barabara kuu ya Voi: meza kumi na nne, bia, nyama ya mbuzi ya kuchoma, na jukwaa la mbao lenye upana wa vitanda viwili. Mutindi alitaka kitu ambacho baa nyingine haikuwa nacho.

“Kirani,” alimwambia Philemon, “nyimbo za mapenzi ziko kila mahali, hata kwa kinyozi. Nipe kitu kitakachomfanya mtu asahau kwamba nyama imepoa.”

Philemon akampa mambo ya kweli. Alichagua tukio lililotokea wilayani, akaenda kwa aliyeliona, akaandika maneno yake katika daftari. Maneno hayo yakagawiwa waigizaji watatu, na mwishoni Philemon akatunga wimbo mpya wa tukio hilo, ulioimbwa na Jacinta, binti wa Taveta mwenye sauti nene, huku Philemon mwenyewe akipiga kinanda cha mkono. Onyesho lilianza saa kumi jioni kila Jumamosi na kwisha kabla ya giza, ili watu wa milimani wapate kurudi kwao. Watu waliliita Habari za Mutindi. Waliimbiwa habari za mkata kuni aliyeliwa na simba hadi likabaki shoka, na za vibarua wanne walioungua ghalani mlango ukiwa umefungwa kwa nje. Walikula wakisikiliza, wakalia, wakaagiza tena.

Kanuni zake zilikuwa mbili, na aliwatajia mashahidi wote kabla ya kufungua daftari. Ya kwanza, neno ambalo shahidi hakulisema halitaimbwa. Ya pili, wimbo ungeimbwa kwanza nyumbani kwa mwenye jambo, na akiukataa, karatasi ingechanwa mbele yake. Katika miaka saba zilichanwa karatasi tatu tu. Kwa kanuni hizo watu wa Mbololo, Sagalla na Wusi walimfungulia milango ambayo hata padri alifunguliwa kwa shida.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1978 alipanda Sagalla kwenda kwa Wakesho.

Wakesho alikuwa mjane. Mumewe, Crispus, aliuawa Oktoba 1974, mwaka wa ukame, kwenye chemchemi ambayo kwa siku nzima ilitoa maji ya kujaza madebe thelathini tu. Siku hiyo walikuwepo watu arobaini. Jirani yao Mwandawiro, aliyetahiriwa siku moja na Crispus, alidai kwamba zamu ilikuwa yake. Crispus alisema si yake. Walitukanana kidogo, kisha Crispus akainama kuchota.

“Alimkata hapa,” Wakesho alisema, akagusa shingo yake nyuma. “Mara ya kwanza panga liligonga mfupa likarudi. Akakata tena. Mara ya tatu Crispus alikuwa tayari ameanguka na uso ndani ya maji.”

Philemon aliandika. “Na watu?”

“Walimshika Mwandawiro, wakamfunga kwa kamba ya ng’ombe. Mimi nilimtoa mume wangu majini. Kichwa kilikuwa kizito, hakikukaa mkononi. Maji yalikuwa mekundu. Kisha watu wakachota, Mwalimu. Walisubiri wekundu upungue, wakachota. Hata mimi sikuwalaumu. Watoto wao walikuwa na kiu.”

Mwandawiro alifungwa miaka mitatu kwa kuua bila kukusudia. Alipotoka, wazee wa Sagalla walikusanya jamaa wa pande mbili ili wafanye kutasa. Mtu aliyeudhiwa hupewa kibuyu cha pombe ya miwa, hujaza kinywa, kisha huipuliza yote nje kama manyunyu, akitamka maneno ya amani. Hasira hutoka pamoja na pombe. Baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kulipiza, wala kulitaja tena jambo lile kwa ubaya. Ndugu wanne wa Crispus walipuliza mmoja baada ya mwingine. Donald, aliyekuwa mkubwa wao, alitokwa na machozi, lakini alipuliza.

“Na wewe?” Philemon aliuliza.

“Walinipa kibuyu mwisho, jua likituangaza machoni. Nilijaza kinywa. Nikainamisha kichwa, nikajifunika kwa leso kama anayelia.” Wakesho alimtazama usoni. “Nikameza. Nikawarudishia kibuyu. Andika hivyo.”

Mtu yeyote aliyelelewa kwa desturi za milima hiyo angeiweka kalamu chini. Kumeza ni kuirudisha hasira tumboni na kuifungia humo, na mjane akiwa hakutasa, kutasa kwa mashemeji zake nako huanguka. Lakini nyumbani kwa mwinjilisti kutasa kulihesabiwa kuwa upagani. Philemon alikuwa amekatazwa hata kusimama uani ambako kibuyu kilipitishwa, na kwa miaka arobaini na minne hakuwahi kuiona desturi hiyo kwa macho. Alijua kwamba watu hupuliza. Kilichomaanishwa na kumeza hakukijua. Aliona tu mwanamke mwenye majonzi asiyeweza kufuata taratibu za wazee, akalipenda neno hilo, akalipigia mstari.

Baada ya wiki mbili alirudi na kinanda, akauimba wimbo sebuleni kwa Wakesho. Ubeti wa mwisho ulikuwa huu:

Nyuma yangu watu arobaini,
Maji mekundu, wakachota.
Wazee wakanipa pombe, niipulize:
Nikameza, nikawarudishia kibuyu.

“Kuna neno la kuondoa?” aliuliza.

“Hakuna.”

“Una hakika, mama? Wengine hupunguza.”

“Mimi sipunguzi. Lakini uimbe polepole hapo mwisho, wasije wakasema hawakusikia.”

Wimbo uliimbwa Jumamosi ya pili ya Aprili. Donald alikuwepo, ameketi meza moja na mdogo wa Mwandawiro, wakila nyama kutoka sahani moja, maana amani ilikuwa imefanywa na kula pamoja ndiko kulikuwa ushahidi wake. Waigizaji walipolieleza tukio la chemchemini, wote wawili waliinamisha vichwa. Jambo lilikuwa la kweli, na halikutajwa kwa ubaya. Jacinta akaimba. Alipofika kwenye mstari wa mwisho aliuvuta kama alivyoelekezwa.

Donald alirudisha kipande cha nyama sahanini, akainuka.

“Umesikia?” alimwuliza mwenzake.

“Ni wimbo tu, Donald. Kaa.”

“Amesema amemeza.”

“Wimbo huo. Kaa, ndugu yangu.”

Donald aliivunja chupa kwenye ukingo wa meza na kumchoma nayo shavuni. Kioo kilipita hadi ndani ya kinywa. Yule mtu alijaribu kupiga kelele, damu ikamjaa kooni, akaanguka na meza. Watu wa Sagalla waliokuwa ukumbini waligawanyika papo hapo, kila mmoja akajua upande wake, na waliokuwa wakicheka pamoja wakaanza kupigana kwa viti. Mtu mmoja alivunjwa taya. Mwingine alikanyagwa mkono hadi vidole vikaenda upande. Jacinta alijificha nyuma ya jukwaa. Mutindi alipanda juu ya meza na kumwaga sufuria ya mchuzi wa moto juu ya vichwa vya waliokuwa karibu, na hapo ndipo njia ya kutokea ilipopatikana. Philemon alibaki jukwaani na kinanda kifuani, akiwauliza waliompita, “Kuna nini? Nimesema nini?”

Jibu lilimfikia Jumatatu, saa sita mchana, kwenye mizani.

Mwandawiro alikuja kwa miguu. Alikuwa mtu mrefu, amekondeshwa na kifungo. Alisimama mbele ya Philemon bila salamu.

“Mwalimu, wewe ni mtoto wa Wusi na hujui kumeza ni nini?”

“Baba yangu alikuwa mwinjilisti.”

“Basi nitakufundisha, ada utalipa baadaye.” Akamweleza yote, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Kisha akauliza, “Neno hilo ni lake, au ulilitunga?”

Kabla Philemon hajafungua mdomo, Donald alitokea nyuma ya mizigo ya mkonge. Alikuwa amemfuata Mwandawiro tangu mlimani. Mkononi alikuwa na panga fupi la kukatia mkonge. Pigo la kwanza lililengwa shingoni, lakini Mwandawiro aliinua mkono wa kushoto, na panga likaingia chini ya kiwiko hadi mfupa ukasikika. La pili lilimpasua bega. Wakataji sita walimrukia Donald, wakamkalia mgongoni, wakampiga mateke ya mbavu hadi akaliachia panga. Alipoachiliwa alisimama, akatema mchanga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Huyo alimkata ndugu yangu mara tatu. Mimi imebaki moja.” Akaondoka.

Philemon alichana gunia na kuufunga mkono. Damu ilipita kwenye gunia la kwanza na la pili. Msimamizi alitaka askari waitwe, lakini Mwandawiro akakataa.

“Akifungwa huyo, wamebaki ndugu zake watatu,” alisema, meno yakigongana. “Mwalimu, nisikilize. Jumatano wazee wanakaa kwa Mzee Timotheo. Watakuita. Sema neno la kumeza uliliongeza wewe, kwa ajili ya utamu wa wimbo. Watunzi wote huongeza. Kama Wakesho hakumeza, kutasa kumesimama, na Donald hana ruhusa ya kunigusa. Ukisema ni neno lake, sitafika Ijumaa.”

“Hama.”

“Niende wapi na mkono mmoja? Nina watoto watano na shamba la mteremko. Nimekaa ndani miaka mitatu, sijakataa hata siku moja kwamba nilimuua. Sema, Mwalimu. Ni neno moja.”

Philemon hakumpa ahadi. Jumanne aliomba ruhusa kazini, akapanda kwa Wakesho. Alimkuta akipepeta mahindi, na hakukaribishwa kiti.

“Ulijua,” Philemon alimwambia.

“Nilijua nini?”

“Nilipokuimbia hapa. Ulijua nitawapelekea neno ambalo wewe mwenyewe huwezi kulisema mbele ya wazee.”

“Sikukudanganya. Uliniuliza nilifanya nini, nikakueleza. Wewe ndiye uliyesema neno langu halitapungua wala kuongezwa. Au kanuni ile ni ya watu wengine?”

“Donald amemkata mkono. Atamwua, mama.”

“Mimi sikumtuma Donald.” Aliendelea kupepeta. “Sitaki afe, Mwalimu, wala sitaki apone. Nataka kila akiniona chemchemini ajue sijamwachia. Hilo ndilo langu pekee. Shamba ni la wakwe, watoto ni wa ukoo, hata maombolezo waliniambia yaishe lini. Lililo langu ni lile nililolimeza. Na wewe umeandika.”

“Nikisema nililiongeza?”

Ungo ulisimama. “Utakuwa umeniingizia mkono kinywani,” alisema.

Jumatano wazee kumi na mmoja walikaa uani kwa Mzee Timotheo, mtu wa miaka themanini aliyewahi kuwa kapurali vitani. Upande wa kulia walikaa ndugu wa Crispus, na Donald alikuwa na panga chini ya goti. Upande wa kushoto alikaa Mwandawiro peke yake, uso umekuwa wa rangi ya majivu, mkono umevimba ndani ya kitambaa na nzi wakiufuata. Mdogo wake alikuwa hospitalini na nyuzi kumi na saba shavuni. Wakesho alikaa mlangoni na wanawake.

“Kirani,” Mzee Timotheo alisema, “hatukukuita kwa ajili ya muziki. Neno la kumeza ni la nani?”

Philemon alimtazama Wakesho, ambaye hakukwepesha macho. Kisha alimtazama Mwandawiro, na nzi, na goti la Donald.

“Ni langu,” alisema. “Mama huyu hakulisema. Nililiongeza.”

“Kwa nini?”

“Ubeti ulipungukiwa.”

Minong’ono ikapita. Donald akasimama.

“Anaongopa. Miaka saba huyu anajisifu haongezi neno. Aape.”

Agano Jipya lililetwa kutoka ndani ya nyumba. Lilikuwa la Kidawida, lugha ya milimani, la aina ileile ambayo baba yake Philemon aliibeba kwapani mlima hadi mlima. Philemon aliweka mkono juu yake, akaapa kwamba neno ni lake. Sauti yake ilikuwa ileile aliyotajia uzito. Mwandawiro alifumba macho. Donald alibaki amesimama, panga likining’inia, kama mtu aliyenyang’anywa njia katikati ya safari.

Mzee Timotheo hakuridhika. “Kiapo kimepita,” alisema. “Lakini wimbo umesikiwa na watu mia. Ili tusirudi hapa tena, Wakesho atatasa upya, mbele ya macho yetu, bila leso.”

Kibuyu kikaletwa. Wakesho alisimama katikati ya uwanja, akajaza kinywa hadi mashavu yakatuna. Wazee wakasubiri. Donald akasubiri. Kwa muda mrefu koo lake halikusogea. Kisha akatembea, akampita Mwandawiro bila kumtazama, akasimama mbele ya Philemon, na kumpulizia pombe yote usoni, machoni na mdomoni, kwa nguvu iliyomfanya arudi nyuma hatua mbili. Alipomaliza alimpiga kwa kibuyu kitupu juu ya jicho. Kibuyu kikapasuka, na damu ikachanganyika na pombe.

“Imetoka,” Wakesho aliwaambia wazee.

“Hukutamka maneno ya amani,” mmoja wao alisema.

“Mumwombe huyu aongeze.”

Mzee Timotheo aliwatazama wenzake. Alimtazama Donald na panga lake, akamtazama Mwandawiro, kisha akagonga fimbo chini. Pombe imetoka kinywani na haikumezwa, alisema, wote wameona. Jambo limekwisha, na atakayeligusa ataligusa na wazee wote. Donald alibaki amesimama kwa kitambo. Kisha akalitupa panga mavumbini, akaketi, akalia kwa sauti kubwa kama siku ya mazishi ya ndugu yake.

Mwandawiro alipona. Mkono haukunyooka tena, lakini aliishi Sagalla miaka tisa zaidi, akafa kwa ugonjwa wa kifua akiwa kitandani. Donald hakumgusa.

Mutindi, ambaye mambo ya kutasa hayakumhusu, alitengeneza viti vyake na kumtaka Philemon alete onyesho jipya. Kwa hiyo mwezi wa Juni Philemon alikwenda Mbololo kwa mama mmoja aitwaye Hannah, ambaye mumewe alikuwa amegongwa na lori la mawe, mwenye lori akiwa mtu mkubwa wa mjini. Philemon alikuwa ameitwa na Hannah mwenyewe kabla ya Aprili, na siku ilikuwa imepangwa. Alifika na daftari. Kovu juu ya jicho lilikuwa bado jekundu.

Hannah alitoka, akavuta mlango nyuma yake, akausimamia.

“Mwalimu, umetembea bure. Kwangu hakuna maneno.”

“Uliniita, mama.”

“Nilikuita kabla ya mambo ya Sagalla. Sisi wajane tunajua neno lile lilikuwa la nani. Mume wangu alikatika miguu, Mwalimu. Nilimkuta anaitafuta kwa mikono. Nikikueleza leo, utaandika vizuri, najua. Na siku mwenye lori akija kukulilia, ana watoto, ana mkono umevimba, utasema nini? Utasema alikufa usingizini.”

Philemon alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, hata mlangoni.

“Inawezekana,” alisema.

“Angalau hapo hukuongopa.” Hannah alilitazama lile kovu, na uso wake ukalegea kidogo. “Nikupe maji ya kunywa, kisha uende?”

Alikunywa akiwa amesimama, akarudisha kikombe, akashukuru. Kisha akateremka kuelekea Voi, kwa maana kwenye mizani alikuwa amepewa ruhusa hadi saa nane tu.